Tuliolima Dodoma na Singida: mahindi, mtama au uwele, kipi kilikutoa na kipi kilikuliza? Tupeane uzoefu

Mkulima wa Chamwino: Leo nimeona jirani kapakia pampu kwenye bodaboda nikakumbuka kilio changu. Nililima heka mbili, moja mahindi moja mtama wa mbegu ya Macia. Mwisho wa Januari mvua ikakata, siku 22 jua tupu na mahindi ndo yanatoa mbelewele, hapo ndo hayatakagi utani kabisa. Nikakodi pampu nikavuta maji ya lambo, petroli ikatosha nusu heka, nikamwagilia mara mbili basi. Ile nusu ikanipa gunia nne, nusu kavu debe tatu za mapengo. Mtama sikuupa hata tone, ulijikunja majani ukasubiri, mvua iliporudi ukaamka. Gunia sita.

Jembe Butu: Sita za kilo mia au lumbesa? Tusidanganyane.

Mkulima wa Chamwino: Kilo mia. We unalimia kwenye simu.

Mfugaji: Kumbe nyie wa pampu ndo mliotuachia tope, ng'ombe wanakunywa matope mwezi mzima!!

Mama Debe: Mtama mnausifia hamjakutana na wale ndege kwelea kwelea. Wangu punje zilikuwa bado laini, zina maziwa, tunaamia toka alfajiri, madebe, kombeo, sauti imekauka. Siku moja tu mtoto kaamka na homa nikamkimbiza zahanati, narudi saa tano nasikia kimya, nikajua. Masuke yamebaki meupe heka nzima, nikaokota debe moja na nusu. Nilikaa kwenye kichuguu nikalia mpaka mbwa akaja kunilamba.

Singida Moja: Pole mama. Mtoto alipona?

Mama Debe: Yuko la tano, ugali wa mtama hataki kuuona.

Jembe Butu: 😂😂 pole lakini

Babu Uwele: Pandeni uwele wenye nywele, zile nywele zinamchoma ndege. Na mpande siku moja kijiji kizima, ukiiva peke yako ndege wote wako.

Singida Moja: Mi nachimba mashimo ya Chololo, futi moja chini, samadi ndani, maji ya mvua yanakaa humo. Mahindi yanavumilia.

Jembe Butu: Heka nzima ya mashimo? Huo mgongo umeukodi wapi?

Mfugaji: Hakuna aliyenijibu la lambo.