Naomba ushauri: rilea ya kuwalipia gesi akina mama wa chama

OmenaKodi, Kisumu: Wadau, hamjambo. Natengeneza programu ya chama cha akina mama wauza omena pale Dunga. Kila mwanachama ana waleti ambayo yenyewe ni mkataba mahiri, yaani programu inayokaa kwenye blokcheni. Pesa za M-Pesa wanazo, ila ETH (sarafu ya Ethereum) ya kulipia gesi, yaani ada ya muamala, hawana, na siwezi kumtuma mama wa watu akainunue. Kwa hivyo mama anatia saini kwenye simu, kisha seva yangu (ndiyo rilea) inaupeleka muamala na kulipa gesi. Shida ni kwamba michango yote inasomeka imetoka kwa anwani ya seva. Tena mweka hazina anauliza, seva ikidukuliwa pesa zao si zitaenda?

Kondele_Juu: Bila shaka seva yako inaita mkataba wa chama moja kwa moja, na msg.sender, yaani anwani ambayo mkataba unaiona kuwa ya mtumaji, ni yeyote aliyeita. Iite waleti ya mama kwanza. Waleti ikague saini, halafu yenyewe ndiyo iite chama. ERC-2771, kiwango cha rilea kupitisha anwani ya mtumaji halisi, waachie wenye anwani za kawaida zisizo mikataba.

DadaWaNakuru: Kaka, mwambie mweka hazina rilea ni tarishi tu. Ilimradi ufunguo unakaa kwenye simu ya mama, aliyedukua seva akigusa kiasi au mpokeaji saini inakataa. Anachoweza ni kuuchelewesha muamala au kuukalia kabisa, na mdukuzi atakomba ETH yako ya gesi. Lakini ndani ya kinachotiwa saini weka nonsi (namba ya kutumika mara moja tu), chainId (namba ya mtandao), anwani ya waleti na muda wa mwisho. Bila nonsi, mchango mmoja wa mama unarudiwa mpaka waleti ibaki tupu. Na tumia EIP-712, kiwango cha kutia saini data inayosomeka, mama aone anachokubali, si herufi za kizungumkuti.

Mzee_Solidity: Mbona ujichoshe na rilea yako? EntryPoint, mkataba wa pamoja wa ERC-4337 (kiwango cha waleti za mikataba mahiri), iko tangu Machi 2023. Bandla inakusanya maombi ya watu na kuyapeleka kwa muamala mmoja, na peimasta, mkataba wako wa kuwalipia wengine, inalipa gesi kutoka amana yake. Ila chunga: ombi likipita ukaguzi kisha lifeli kwenye utekelezaji, gesi bado unalipa wewe. Mtundu mmoja atakumalizia amana usiku.

OmenaKodi: Asanteni sana. Anwani sasa zinasomeka sawa. Mzee, kikomo cha gesi cha kila mwanachama nikiweke wapi?

Mzee_Solidity: Hesabu zifanyie kwenye seva. Aliye ndani ya kikomo, seva imtilie saini ya kibali, na peimasta ikague saini hiyo tu. Ufunguo wa kibali usiuweke pamoja na ule wa amana.