Yah: Vyeti vya pongezi vya mwanangu havihesabiwi huku? Msaada tafadhali

Kutoka: Mama K., Columbus

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Naandika nikiwa nimetoka shuleni kwa mwanangu, bado mikono inatetemeka.

Kijana aliondoka nyumbani Tanzania akiwa Form Three, hapa Marekani wakamwingiza Grade 11. Nilipeleka ripoti zake zote za muhula, matokeo ya FTNA (mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili) niliyochapa kutoka tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, na bahasha ya kaki yenye vyeti vitatu: Mwanafunzi Bora Fizikia, Mwanafunzi Bora Hisabati, na cha nidhamu. Leo ndiyo nimeiona transkripti waliyomtengenezea. Hisabati ripoti inasema 68, wao wameandika D. Fizikia 71, wameandika C. Kiingereza 66, D. GPA, yaani wastani wa alama, ya miaka yake ya nyumbani imekuja 1.6. NHS (National Honor Society, chama cha wanafunzi wanaofanya vizuri) wanataka isipungue 3.0, kwa hiyo hata fomu hakupewa.

Nikamwekea kaunsela vile vyeti mezani. Cha Fizikia jina limeandikwa kwa mkono, kalamu ya bluu, na mhuri wa shule umepita juu ya sahihi ya mkuu wa shule. "Kwa kuongoza somo la Fizikia, Kidato cha Pili." Akakigeuza nyuma, akatazama, akasema karatasi kama hii mtu yeyote anaweza kuichapa, tena iko kwa lugha asiyoisoma. Akairudisha kwenye bahasha. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni yangu.

Naomba kujua mambo mawili. Nani amewahi kufanya shule ya huku ibadilishe alama hizi, na kwa karatasi gani? Na ile nafasi ya darasani, "wa 2 kati ya 143", wanaikubali kwenye fomu za skolashipu? Kuna moja inaiuliza, mwisho tarehe 20.

---

Kutoka: Baba Mdogo, Houston

Pole sana dada. Usipoteze muda na kaunsela. Nenda WES, wale wanaolinganisha vyeti vya nje na vya huku. Mimi cheti changu cha Form Six nilikuwa nimekipiga lamineshen toka zamani nikidhani nakitunza. Kufika huku nikaambiwa hawaangalii cheti nilichonacho mkononi, wanataka NECTA iwatumie matokeo moja kwa moja. Nimefuatilia miezi minne, ndugu yangu wa Dar akisimama foleni huko kwa niaba yangu. Lakini yalipofika, mambo yakanyooka. Peleka cheti cha Form Four cha kijana utaratibu uleule.

---

Kutoka: Da Zuhura, Leicester

Huku kwetu Uingereza ni NARIC ndiyo wanatoa ile karatasi ya kulinganisha vyeti vya nje.

---

Kutoka: Mwakibete, Reading

NARIC haipo tena, Da Zuhura. Tangu Machi 2021 ni UK ENIC. Tuwe makini, watu wanalipia tovuti za uongo kwa sababu ya majina ya zamani.

---

Kutoka: Mama K., Columbus

Ahsanteni, lakini jamani nimeandika kwamba HAKUMALIZA Form Four. Aliondoka Form Three. Hana cheti cha NECTA cha kupeleka popote. Ana FTNA na ripoti za shule na hivyo vyeti vya pongezi, basi.

---

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Minneapolis

Binti yangu Mama K., pole. Nimefundisha sekondari miaka mingi kabla ya kufuata watoto huku, na karibu miaka sita nilikuwa mwalimu wa taaluma, kwa hiyo vyeti vya namna hiyo nimeviandika kwa mkono wangu. Usimlaumu sana huyo kaunsela kuhusu cheti. Kosa lake kubwa liko kwenye alama. Amechukua 68 ya kwetu akaisoma kwa macho ya kwao, kwamba chini ya 70 ni D. Kwetu 68 si D.

---

Kutoka: Baba Mdogo, Houston

Mwalimu, kwetu A inaanza 80, B 70. Hiyo 68 ni C.

---

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Minneapolis

Hiyo ni ya A-level, Form Five na Six, Baba Mdogo. Kijana alikuwa O-level, Form One hadi Four. O-level A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, chini ya 30 ni F. Tafadhali tusichanganye, maana mama wa watu atakwenda na karatasi yenye makosa kwa mtu ambaye tayari hamwamini.

Sasa Mama K. tazama tena: 68, 71, 66. Zote tatu ni B.

Mzazi wa huku haelewi kwamba mtihani wetu hautungwi ili mtoto apate 95. Nimewahi kusahihisha Fizikia ya Kidato cha Pili, aliyeongoza darasa zima akapata 70, na nikamwandikia cheti kwa furaha kwa sababu nilijua alivyoipata: maabara yenye vifaa vya kundi moja, watoto wanapokezana stopwochi moja. Alama ile ilikuwa na jasho. Inaniuma kusikia inaitwa D.

---

Kutoka: Mama K., Columbus

Mwalimu, nimesoma nikalia. Zote ni B. B huku ni 3.0. Kwa hiyo kwa masomo hayo matatu angekuwa amefika kabisa kiwango cha NHS.

Namwambiaje kaunsela lakini? Nikimwambia mimi ataniona mama anayetetea mwanawe.

---

Kutoka: Nyanzala, Dallas

Vyeti vya Kiswahili lazima vitafsiriwe na mtafsiri aliyesajiliwa mahakamani. Sisi tulifanya hivyo kwa vyeti vya kuzaliwa vya RITA kwenye green card.

---

Kutoka: Mwakibete, Reading

Mimi siko Marekani lakini mke wangu alipitia huko. USCIS, idara ya uhamiaji ya huko, haitaki mtafsiri wa mahakama. Inataka mtafsiri aandike kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili, aweke sahihi. Na hiyo ni uhamiaji. Shule ina utaratibu wake, aulize wilaya ya elimu ya huko.

---

Kutoka: Nyanzala, Dallas

Nimeeleza lililonipata mimi. Si lazima kila neno lisahihishwe.

---

Kutoka: Kaka Msafiri, Oslo

Naomba niseme jambo. Tunashangaa wazungu kudharau vyeti vyetu wakati wenyewe tumeacha kuheshimu ufaulu. NECTA imeacha kutangaza kumi bora! Zamani mtoto wa mkulima akiingia kumi bora nchi nzima inamjua, gazeti linapiga picha nyumba yao. Sasa hakuna.

---

Kutoka: Da Zuhura, Leicester

Waliacha Januari 2023, kwenye matokeo ya Form Four ya 2022, na mimi naunga mkono. Kaka, hizo shule za kumi bora zilikuwa zilezile kila mwaka, bweni, ada kubwa, watoto wamechujwa kwa mtihani tangu kuingia. Mtoto wa shule ya kata anayetembea mwendo wa saa moja na nusu kila asubuhi akapata B yake alitangazwa lini? Yule alipongezwa na shule yake tu, kwa cheti kama hicho cha mtoto wa Mama K.

---

Kutoka: Kaka Msafiri, Oslo

Mimi ni mtoto wa shule ya kata na kumi bora ndiyo ilinifanya nisome usiku na kibatari. Tusifute ndoto za watoto kwa kuwaonea huruma.

---

Kutoka: Da Zuhura, Leicester

Sijasema tufute ndoto.

Mwaka niliokuwa wa tatu darasani, siku ya kufunga shule, tulisimamishwa mbele ya mlingoti wa bendera. Nilipewa kaunta buku mbili zilizofungwa kwa utepe na kalamu moja. Mama alitoka kwenye safu ya wazazi akapiga vigelegele akanifunga khanga yake shingoni. Zile kaunta buku sikuziandikia mwaka mzima, niliogopa kuzichafua. Mama amefariki 2019 na sikuweza kwenda kumzika. Huku mwanangu anapata cheti cha mahudhurio, kinakuja kwa barua pepe.

---

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Minneapolis

Pole Zuhura. Mungu amrehemu mama.

Mama K., nirudi kwako. Usimwambie wewe. Mkuu wa shule ya nyumbani aandike barua kwenye karatasi yenye nembo ya shule, kwa Kiingereza, yenye mambo haya: mtoto alisoma hapo tangu lini hadi lini, viwango vya alama vya O-level kama nilivyovitaja, alama zake, nafasi yake kati ya wanafunzi wangapi, na kwamba vyeti vile vitatu vilitolewa na shule. Mhuri usifunike sahihi. Bahasha ifungwe, mhuri mwingine upigwe pale inapofungwa. Na jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye pasi, siyo lile la darasani. Hapo kaunsela atakuwa na kitu cha kuweka kwenye faili. Kama atapanga alama upya siwezi kukuahidi.

---

Kutoka: Mama K., Columbus

Ahsante sana Mwalimu, Mungu akuweke. Shida ni kwamba shule imefunga, ni Desemba. Nimepiga simu, mlinzi anasema mkuu wa shule anakaa nyumba za walimu palepale lakini simu yake haipatikani. Kuna mtu wenu anayepita Morogoro kabla ya tarehe 20?

Na ile nafasi ya 2 kati ya 143, niiandike kwenye fomu ya skolashipu au niache wazi?

---

Kutoka: Nyanzala, Dallas

Mdogo wangu anatoka Dar Jumanne kwenda Iringa, basi lake linasimama Msamvu asubuhi. Nitumie pembeni jina la shule na jina la mkuu. Andika barua yenyewe kabisa, mkuu asome na kugonga mhuri tu. Nauli ya bodaboda kutoka stendi nitampa mimi.