Mtangazaji akiandika kitabu, atuambie na CD alizozitupa?

Wakuu, tulijadili hili bila matusi.

Ukikaa baraza moja na mtangazaji au mwandishi yeyote mkongwe wa burudani hapa Bongo, chai haijapoa atakuambia, "Yule mimi ndiye niliyemtoa." Msanii mmoja katolewa na watu sita: prodyuza, mtangazaji, meneja, mwandishi wa gazeti la udaku, mwenye ukumbi na binamu aliyelipia studio. Sasa wakongwe hawa wanafika umri wa kuandika kumbukumbu. Waandike nini? Nani alikuwa na nani hotelini, au wimbo ulifikaje hewani?

Mimi msimamo wangu ninao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikaa mapokezi kwenye kituo kimoja cha redio, sitakitaja. Madogo walileta CD kwenye bahasha za kaki, namba ya simu imeandikwa kwa makapeni. Kuna waliotembea kwa miguu kutoka Mbagala. Bahasha ziliingia kwenye boksi chini ya meza ya mtangazaji. Zilizokuja na chochote kitu zilipanda juu ya meza. Boksi likijaa, mfagizi analimwaga. Nimeshuhudia mara mbili. Humo alikuwamo nani? Hatutajua. Kwa hiyo kitabu cha "niliowaibua" kisicho na sura ya boksi, sinunui.

Wapo ambao kazi yao huwezi kuibishia. Said Fella kule Temeke aliwakusanya Aslay, Mbosso, Beka Flavour na Enock Bella, ikawa Yamoto Band. Ruge Mutahaba na THT, chuo chake cha vipaji, waliwalea waimbaji kina Barnaba, Linah, Mwasiti na Amini. Lakini Ruge huyohuyo alikuwa mmoja wa wakubwa wa redio ya Clouds. Mwenye chuo ndiye mwenye redio. Mzozo wa rapa Sugu na Clouds, kisha wa mwimbaji Lady Jaydee, tuliusikia kwa mafumbo ya nyimbo na vichwa vya magazeti. Waliokuwa ndani ya chumba waandike. Hapo napata kigugumizi kidogo, maana Ruge alifariki Februari 2019, hawezi tena kujibu.

MDAU WA TANGA: Mkuu, heshima yako, ila hilo la hela sahau. Nani ataandika "nilipokea" na jina lake likiwa kwenye jalada? Watajaza kurasa kwa siri za wasanii, kwa sababu hizo hazimgusi mwandishi. Na msanii alizisema maiki imezimwa, akiamini anaongea na rafiki. Kuziuza ni umbeya uliopigwa chapa.

DADA WA MWANZA: Kaka zangu, mnaongea kama redio bado ndiyo mlango. Binti yangu ana miaka 16, wasanii wake wote kawatoa TikTok. Watu washacheza kipande cha sekunde 15 mpaka wamekichoka, ndipo mtangazaji anauliza wimbo wa nani.

MWANZISHA MADA: Dada, mlango umehamishwa tu. Msanii Harmonize alipoondoka WCB, lebo ya Diamond Platnumz, mwaka 2019 alisema mwenyewe alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. "Nimekutoa" ya siku hizi imo kwenye mkataba. Halafu mtazame Zuchu: WCB walimtambulisha Aprili 2020, na ni binti wa Khadija Kopa, malkia wa taarabu. Kaibuliwa na lebo au na mama yake?

DADA WA MWANZA: Na mama yake, hilo halina mjadala! Taarabu ilikuwa ndani ya nyumba. Ila nakubali, bila lebo tungeendelea kumjua kama mtoto wa Khadija.

MBONGO WA UINGEREZA: Huku kulikuwa na John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1 tangu ilipoanza 1967 hadi alipofia Cusco, Peru, Oktoba 2004. Bendi changa zilimtumia kanda, naye akapiga ambazo hakuna mwingine aliyezigusa. Kitabu cha maisha yake hakukimaliza. Mkewe Sheila ndiye aliyekimalizia. Wazee wetu wasisubiri. Hata wajirekodi kwenye simu, vijana wataandika.

MDAU WA TANGA: Sawa, wajirekodi. Ila mwanzisha mada umenichekesha. Bahasha zilipita mapokezi kabla ya kufika kwa mtangazaji. Zile zenye chochote kitu, mkono wa kwanza ulikuwa wa nani?

MWANZISHA MADA: Wangu, mkuu. Soda nilikunywa, na nauli nilipokea. Kuna dogo wa Mbagala sikumwomba kitu kwa sababu hakuwa nacho, na bahasha yake niliitumbukiza kwenye boksi kwa mkono wangu.