Mashua za kuni za Uzi: pete hii ya kamba ilikuwa ya nini?

Mjukuu_wa_Uzi

Assalaam aleikum. Babu yangu mzaa mama amefariki mwezi uliopita. Ujana wake wote alikuwa baharia wa mashua ya kuni, baina ya kisiwa cha Uzi na Mjini Unguja. Sandukuni mwake tumekuta pete ya kamba ya makumbi, upana wake kama ungo mdogo, ncha zimeungwa kwa ustadi hata kiungo hukioni. Upande wa ndani imelainika kama ngozi, na bado inanuka sifa, yale mafuta ya samaki ya kupakia vyombo. Mjomba anasema ni kitanzi cha kukwelea minazi, mamangu anasema ni ya mlingoti. Bibi yuko eda, sikutaka kumsumbua.

Naomba wenye kujua wanieleze, na kazi yenyewe ilikwendaje. Habari za mji wetu zinazoandikwa ni karafuu na pembe za ndovu. Wali wa mji mzima ulipikwa kwa kuni, nazo kuna watu walizileta.

Baharia_Mstaafu

Wa aleikum salaam, mwanangu. Poleni na msiba, Mungu amrehemu.

Hicho ni kipimo. Unapanga kuni ndani ya pete mpaka isipitishe hata ufito, hilo ndilo tita moja. Ilikuwa kwetu kama pishi kwa mchele. Kulainika kwa ndani ni kwa kusuguliwa na magome.

Kazi ilifuata maji. Tunakata mikoko maji yakipwa, miguu imezama matopeni hadi magotini, tunarundika ukingoni mwa hori, ule mkono wa bahari unaoingia ndani. Bamvua likija, mashua inaingia na maji makuu, yanapokupwa inakaa juu ya tope, tunapakia. Maji yakirudi inanyanyuka na mzigo wake. Ukichelewa kupakia, umelala hapo na mbu.

Watu huuliza kwa nini hatukufunga magogo tukayakokota majini. Mkoko mbichi ni mzito, unazama! Na njia ya miguu ya kwenda Unguja Ukuu ilipita katikati ya mikoko, maji yakijaa haikuwapo. Kwa hiyo ni tanga tu.

Wakati wa kusi, upepo wa kusini, tulikwenda mjini upepo uko nyuma, raha. Kurudi ndiyo bisho, upepo uko mbele, unakata huku na huku, mwili wote chumvi. Kuni zilipanda juu ya ubavu wa chombo, lakini ngama, pale chini maji yanapokusanyika, huachwa wazi, maana lazima mtu akae pale na ndoo. Nilianzia hapo, kwenye ndoo, sijajua hata kushika shikio, yaani usukani.

Tulishusha Funguni, pwani ya mjini. Maji yakipwa chombo kinalala ubavu, wachukuzi wanakifuata kwa miguu. Magogo manene waliyataka wachoma chokaa: kuni hupangwa chini kwa mviringo, mawe ya matumbawe juu, moto unawashwa katikati.

Mwana_wa_Amu

Huku kwetu Amu, yaani Lamu, miti ya mkoko ya kujengea ilihesabiwa kwa korja, yaani miti 20, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mitepe, vile vyombo vya kushonwa kwa kamba na tanga la mkeka, ilileta boriti hadi Unguja. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, upana unafuata urefu wa boriti. Basi dari ni mkoko, chokaa ya ukutani imechomwa kwa mkoko, na chungu kiko juu ya mkoko.

Mpanda_Mikoko

Nawaheshimu wazee, lakini lisemwe na hili: hao wakataji ndio walioacha pwani wazi. Mimi napanda miche kila mwaka kwenye matope hayo hayo.

Baharia_Mstaafu

Umesema kweli, sikupingi. Mchu, aina nyingine ya miti ya matopeni, ukiukata unachipua. Mkoko ukiukata shina umekufa, na sisi tuliujua huo mkoko kwa moto wake mzuri, tukaupenda mno. Ukihitaji mtu wa kukuonesha maji yanapofika, mimi bado natembea.

Mjukuu_wa_Uzi

Wazee wangu, ahsanteni. Jana usiku nilimsomea bibi majibu yenu. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kwa nini sikumwuliza yeye mwanzo. Kamba ile kaisokota mwenyewe! Makumbi aliyafukia pwani kwenye tope, akayafukua yalipooza, akayaponda kwa mchi, akasokota juu ya paja.

Nikamwuliza alijuaje iwe kubwa kiasi gani. Akakaa kitako chini, akakunja miguu, akaivisha pete juu ya magoti yake yote mawili. Ikamkaa sawasawa.