Kima wa Harlow: nitamteteaje huyu mtu?

Mwaka_wa_Pili
Wakuu, nisaidieni. Mhadhiri wetu wa saikolojia katuonyesha filamu za Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Vitoto vya kima vinatenganishwa na mama zao saa chache baada ya kuzaliwa, vinawekewa "mama" wawili wa bandia: mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine wa kitambaa laini asiye na kitu. Kitoto kinanyonya kwenye waya, kikishashiba kinarudi kung'ang'ania kitambaa. Wenzangu wanacheka, "jamani, kazuri!" Halafu wakakiletea mwanasesere anayepiga ngoma ili kitishike. Hapo mimi nikashindwa kucheka. Sasa kuna mdahalo na nimepangiwa kumtetea.

BabaMapacha
Mbona rahisi. Mwaka 1928 John Watson, mwanasaikolojia mkubwa wa huko, aliwaambia wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto. Harlow mwaka 1958 akaonyesha kwamba mapenzi ya mtoto hayaanzi na tumbo kushiba. Watoto wangapi wamebebwa kwa sababu hiyo?

Mlisha_Panya
Mkuu BabaMapacha, angalia miaka. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, alishaliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mwaka 1951 kuhusu madhara ya mtoto kukosa malezi ya mama, na ushahidi wake ulitokana na watoto wenyewe. Haya, utasema jaribio linaonyesha chanzo kuliko kutazama tu. Nakubali.

Ila Harlow hakuishia hapo. Alifungia kima peke yao kwa miezi. Baadaye akabuni chumba cha chuma chenye kuta zinazoteleza kuelekea chini, mwenyewe akakiita shimo la kukata tamaa. Kima mwenye afya anaingizwa, anatoka kajikunyata, hachezi. Ulitegemea atoke anaimba?

Na msinione mpinga utafiti, nahudumia panya wa maabara, ndiyo kazi inayonilisha. Panya ukimnyanyua kwa mkia anajikojolea mkononi. Ukimwekea kibomba cha plastiki anaingia mwenyewe, unambeba humo. Watafiti Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walilipima hilo mwaka 2010: wa mkia wana wasiwasi zaidi hata kwenye vipimo vya tabia. Sasa mtafiti anayepima woga kwa panya aliyeninginizwa mkia, anapima nini? Kuna wasomi nimewaeleza hili wakaniona naleta huruma za kijijini.

Mwaka_wa_Pili
Shikamoo mkuu, umezidi kunichanganya. Natetea nini sasa?

Mlisha_Panya
Marahaba. Tetea kitambaa na waya, hapo Harlow alikuwa na swali ambalo wenzake walikuwa wanalibishania. Wakikutupia lile shimo, usilibebe. Waambie sheria ya Marekani yenyewe, tangu marekebisho ya mwaka 1985, inadai mazingira ya kima wa maabara yajali hali yao ya kisaikolojia.

Mwaka_wa_Pili
Mhadhiri kasema lazima nitetee kazi zake zote.

BabaMapacha
Basi omba ubadilishiwe upande, mdogo wangu. Lile shimo hata mimi sikulijua.