Wakili wa talaka na malezi ya watoto hapa Mwanza: nimpateje bila kulizwa tena?

MamaDagaa (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Nimekaa na hili jambo tangu Pasaka, leo nalitoa.

Nina miaka 34, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Ndoa ina miaka 11, ya kanisani, cheti ninacho. Watoto wawili, binti wa miaka 9 na wa kiume miaka 5. Mwenzangu ana mitumbwi miwili. Kiwanja tulinunua Buswelu, tukajenga vyumba vitatu, tukahamia hata plasta haijapigwa. Habari za kipigo sitazisimulia hapa. PF3, zile fomu za polisi za matibabu, ninazo mbili, zinatosha.

Mwezi wa tatu alimchukua mdogo akampeleka Ukerewe kwa mama yake, eti likizo. Shule zimefunguliwa, mtoto hajarudi. Nikipiga simu naambiwa mtoto ni wa ng'ombe kumi na mbili, nirudishe ng'ombe kwanza ndiyo tuongee.

Nikaenda mahakamani kuulizia. Nje pale, chini ya mwarobaini, akanipokea kijana wa shati jeupe na tai, faili kwapani, akasema yeye ni wakili. Mambo ya baraza ni kupoteza muda, anafungua kesi moja kwa moja. Nikamtumia laki mbili na nusu kwenye simu. Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akasema ni karani wake. Hii ni wiki ya tatu hapatikani.

Naomba kujua: ni lazima niwe na wakili? Wa kweli namtambuaje? Na bei zao zikoje, maana mtaji uliobaki ni gunia mbili.

Ngosha wa Igoma

Pole dada. Ila jina la mwanamke limetokea na bado ukaweka namba ya siri?

Bintiziwa

Ngosha nawe. Mtu mwanaye yuko Ukerewe unadhani anasoma majina?

Dada, huyo ni kishoka, yaani wakili feki, wamejaa kila mahakama. Wenzio tulishaliwa. Nenda karipoti polisi na ile meseji ya muamala, usiifute.

Karani Mstaafu

Mwanangu, nimekaa masjala miaka mingi kabla ya kustaafu, ngoja nikupe utaratibu.

Huyo kijana alikudanganya mara mbili, kwamba ni wakili na kwamba baraza linarukwa, na uongo wa pili ndio mbaya zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza la kata linaweza, na makanisa mengi yana baraza lao. BAKWATA nao wanalo kwa Waislamu. Likishindwa kuwapatanisha linakupa hati, wengi tunaiita Fomu Namba 3. Bila hiyo, shauri la talaka linatupwa hata kama limeandikwa na wakili wa kutoka mbinguni. Kuna hali chache za kuruka baraza, mfano mwenzako amekutoroka na hajulikani alipo, lakini wako yupo na simu anapokea.

Nimeona watu wanakuja na barua ya mwenyekiti wa mtaa ina muhuri mzuri wa bluu, au muhtasari wa kikao cha ukoo na sahihi za wazee tisa. Inauma kumwambia mama aliyetoka Sengerema tangu alfajiri kwamba hiyo siyo. Hakikisha karatasi inatoka baraza lenyewe, na inasema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Mumeo akiitwa asije, nalo waliandike.

Kuhusu wakili, si lazima. Mahakama ya mwanzo inasikiliza mashauri ya ndoa, ya kanisani, ya bomani, ya kimila na ya Kiislamu, na unajieleza kwa Kiswahili chako. Mama wengi wamejisimamia mbele yangu wakashinda.

Mtetezi wa Nyegezi

Namheshimu mzee hapo juu, ila niongeze. Mimi ni wakili, na jina langu sitaliweka kwa sababu maadili yetu hayaturuhusu kujinadi. Na hiyo ndiyo alama yako ya kwanza, dada: wakili wa kweli havizii wateja chini ya mwarobaini.

Ukipewa jina, ingia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ulitafute. Wakili yuko kwenye orodha, na cheti cha kufanyia kazi anakihuisha kila mwaka. Kama halimo, ondoka. Mkutane ofisini kwake, si mgahawani. Hela lipa kwa jina la ofisi, risiti mkononi. Halafu mwandikishane: anafanya kazi ipi, kwa kiasi gani, awamu ngapi, nauli na ada za mahakama ni juu ya nani, na mkikata rufaa inahesabika humo au ni bei mpya. Hapo kwenye rufaa ndipo ugomvi mwingi wa mawakili na wateja unapoanzia.

Sasa, hela yako ni ndogo, usiimalizie kwenye talaka. Kwa PF3 mbili na fomu ya baraza, talaka utaijengea hoja mwenyewe. Panapotaka wakili ni mali. Mitumbwi na injini ziko kwa jina lake, na atakuja na shahidi wa kusema ni za kaka yake.

Dagaa Kavu

Samahani nje ya mada, gunia linauzwaje sasa hivi hapo Mwaloni?

Bintiziwa

We naye!

Baba K

Niseme kama mwanaume niliyepitia. Mimi niliweka wakili kwa makubaliano ya kulipa kila anapotokea mahakamani. Miezi kumi na minne. Safari nyingi ilikuwa kutajwa tu, dakika tatu, hakimu anapanga tarehe nyingine, mimi natoa elfu hamsini. Kuja kushtuka nimeshauza pikipiki. Kubalianeni bei ya shauri zima.

Na hilo la ng'ombe, hata mimi wazee wangu walilisema. Hakimu aliwasikiliza kwa adabu kabisa, kisha akauliza mtoto anasoma wapi na analala na nani. Wakanyamaza.

Karani Mstaafu

Baba K amenena. Mahari haimpi mtu mtoto. Mahakama inaangalia ustawi wa mtoto kwanza. Aliye chini ya miaka saba, sheria inaanza kwa kudhani mahali pake ni kwa mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo kwa mwanao mdogo una nafasi nzuri. Huyu wa miaka tisa anaweza kuulizwa mwenyewe anataka nini, na usimfundishe maneno. Mahakimu wanayajua maneno ya kufundishwa.

Usiende Ukerewe kumnyakua. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii. Shauri likishafunguliwa, omba amri ya muda ya malezi na matunzo, usisubiri hukumu.

Kwenye mali, tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango. Watu wanaitaja sana hiyo kesi, ila wanasahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mume alishampa hela za kujenga akazitapanya. Kwa hiyo, mwanangu, andika. Mbao alilipa nani, injini ilitoka kwenye mauzo ya msimu gani, nani aliona.

MamaDagaa

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Daftari la mauzo ninalo tangu 2016, limenuka dagaa lakini linasomeka. Injini ya mtumbwi, ile ya nguvu farasi 15, ilinunuliwa kwa mchezo wangu wa kina mama, na wenzangu wapo.

Nyumba je? Nasikia ameanza kuleta watu kuiangalia.

Mtetezi wa Nyegezi

Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, iko kwenye sheria hiyo hiyo ya 1971. Kama kiwanja kina hati, unaweka zuio kwa Msajili wa Hati. Kama ni karatasi ya mauziano tu ya serikali ya mtaa, andika barua kwa mwenyekiti kesho, nakala wakugongee muhuri wa kupokea. Hii usiisubirishe baraza.

Na daftari usimpe mtu asilia. Toa nakala.

Bintiziwa

Ukikosa hela kabisa, Kivulini wako hapa hapa Mwanza, wamezoea kesi za wanawake waliopigwa. Wasaidizi wa kisheria wa kata nao wapo. Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 msaada huo ni bure, anayekudai "hela ya faili" mkimbie.

MamaDagaa (baada ya siku kumi)

Nimerudi wakuu. Barua ya nyumba imepokelewa. Baraza la kata limemwita, mara ya kwanza hakuja, mara ya pili kaja na wajomba wanne. Tarehe ya tatu ni Alhamisi. Msaidizi wa kisheria ameniandikia maelezo bure. Wakili nimempata kupitia mteja wangu, kwenye e-Wakili yumo, tumeandikishana laki sita kwa awamu tatu, ya mali peke yake.

Afisa ustawi amenipa barua ya kwenda kwa mwenzake wa Ukerewe. Kesho napanda meli ya Nansio. Nibebe nini?

Karani Mstaafu

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cha ndoa, na kadi ya kliniki kama unayo. Na sweta lake, asubuhi ziwani kuna baridi.