Chipu ya erbi inaonyesha ongezeko la desibeli 9, lakini mwanga unatoka hafifu: niongeze erbi?

Nuru_Ndogo: Wakuu, habari za kazi. Nina chipu yenye njia ya mwanga ya alumina (oksidi ya alumini) iliyotiwa erbi, metali ambayo ioni zake zikichochewa hukuza mwanga; njia ina urefu wa sentimita 5, ninayoichochea kwa leza ya nanomita 980 ili ikuze ishara ya nanomita 1532. Nikiwasha leza hiyo ishara hupanda kwa desibeli 9 (desibeli ni kipimo cha kupanda au kushuka kwa nguvu), ilhali mwanga unaotoka ni hafifu kuliko unaoingia. Nafikiria kutengeneza chipu nyingine yenye erbi maradufu. Naomba ushauri.

Fundi_Nyuzi: Ndugu, hizo 9 si ukuzaji halisi. Erbi isiyochochewa hunyonya ishara ile ile unayotaka kuikuza, kwa hiyo umepima tofauti kati ya chipu iliyolala na iliyoamshwa. Unyonyaji ukiwa desibeli 8 na upotevu wa njia ukiwa 2, ukivitoa kwenye 9 unabaki na hasi 1, na hapo hatujagusa maungio ya uzi wa mwanga na chipu, ambako mwanga mwingi huishia.

Nuru_Ndogo: Nimekuelewa. Je, mng'ao wa kijani ninaouona pale leza inapoingilia ni dalili njema?

Mama_Spektra: Unapendeza macho, lakini ni nishati inayokupotea. Ioni mbili jirani zikiwa zimechochewa, moja humwachia mwenzake nishati yake, naye hupanda ngazi za juu ambako hatakusaidia kwenye 1532. Ukizidisha erbi, ioni zitakaribiana na hasara hiyo itakua. Vikuza mwanga vya nyuzi vilivyoanza mwaka 1987 vilikwepa tatizo hili kwa kutumia mita nyingi za uzi wenye erbi chache. Nami ningerefusha njia badala ya kuikoleza, mradi upotevu wake uwe mdogo sana. Watafiti wa EPFL, chuo kikuu cha teknolojia cha Uswisi, walifanya hivyo mwaka 2022 kwa silikoni naitraidi: njia ndefu iliyokunjwa mzunguko ndani ya chipu, ukuzaji wa zaidi ya desibeli 30, na mwanga wa milliwati 145.

Fundi_Nyuzi: Naongeza tu kwamba ukuzaji ukifika huko, kata kingo za chipu kwa mshazari, la sivyo mwanga utarudi na kikuza kitageuka leza usiyoiomba. Kwa sasa, zima leza ya kuchochea, upime upotevu kwa ishara dhaifu ya 1532, kisha urudie kwa nanomita 1310, ambako erbi hainyonyi; tofauti itakupa makadirio mazuri ya unyonyaji wa erbi.